Gari jipya kwenye mteremko wa Muze: kwa nini breki huchemka, na jinsi ya kushuka salama

Kila mwaka mahindi yakishauzwa, mjini Sumbawanga huanza kuonekana magari mageni yenye namba E, viti bado vimefunikwa nailoni. Kule Japani lilikotoka, gari hilo limeshatumika miaka kumi au zaidi. Kwetu ni jipya, na kwa mwenye nalo ni jasho la misimu kadhaa. Jumapili ya kwanza halikai nyumbani. Watoto wanapakiwa, bibi anapewa kiti cha mbele, na swali linakuwa moja: twende wapi?

Kwa sisi wa Ufipa majibu ni mawili. Wengine huelekea Matai, kwenda kuona maporomoko ya Kalambo au kufika ziwani Kasanga. Wengine hupita Ntendo na kushuka Bonde la Rukwa hadi Muze, kusalimia ndugu na kurudi na mchele na samaki. Njia zote mbili zina mandhari ambayo watu wa mbali wangelipa fedha nyingi kuyaona. Na zote mbili zina jambo moja ambalo gari lako huenda halijawahi kukutana nalo tangu lishushwe melini: mteremko mrefu usioisha.

Fikiri kidogo, msikilizaji. Gari likitoka bandarini Dar es Salaam kuja huku, kazi yake kubwa ni kupanda. Linapanda Kitonga, linapanda kuja Iringa, linazidi kupanda nyanda za juu. Kuna miteremko njiani, lakini safari nzima ni kutoka usawa wa bahari hadi mji ulio kwenye mita takriban 1,800. Kwa hiyo mwenye gari anafika akisema, "Gari zima, halina shida hata moja," na anasema kweli. Injini imejaribiwa. Breki hazijajaribiwa.

Ufipa ni kama meza. Juu kuna uwanda wenye baridi, mashamba ya mahindi, ngano na maharage, na milima ya Mbizi ikiwa imesimama juu zaidi, kupita mita 2,400. Pande mbili za meza hiyo zimekatika. Upande wa mashariki kuna ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake Ziwa Rukwa, lililo kwenye mita kama 800 tu. Upande wa magharibi ardhi inashuka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye mita takriban 770. Ukienda upande wowote kati ya hizo mbili, unashuka kama mita 1,000 kwa umbali mfupi. Ndiyo maana ukitoka mjini umevaa sweta, Muze unaivua.

Gari linaposhuka, uzito wake unataka kulikimbiza, na kitu fulani lazima kilizuie. Breki hufanya hivyo kwa kusugua: pedi zinabana diski, mwendo unageuka joto. Chukua gari dogo la kilo 1,100, weka watu wazima watano na gunia moja la mahindi, unapata kama kilo 1,550. Nguvu inayotoka gari hilo likishuka mita 1,000, kama yote ingegeuka joto, ingetosha kuchemsha ndoo mbili za lita 20 za maji baridi, na bado ingebaki. Sehemu yake huliwa na upepo, na matairi, na barabara yenyewe. Iliyobaki inakwenda ama kwenye breki ama kwenye injini. Dereva ndiye anayechagua iende wapi, na wengi huchagua bila kujua kwamba wamechagua.

Anayeshuka akiwa kwenye D, mguu juu ya breki kuanzia mwanzo wa mteremko hadi mwisho, ameamua kuchemsha ndoo zile mbili ndani ya vipande vinne vya chuma vyenye ukubwa wa sahani.

Joto hilo likizidi, breki hushindwa kwa namna mbili, na kila namna ina dalili yake. Ya kwanza ni pedi kupata moto mpaka zinapoteza mshiko. Pedali inabaki ngumu chini ya mguu, unakanyaga kwa nguvu zote, lakini gari halipungui mwendo kama mwanzo. Utasikia harufu kali kama ya kitambaa kinachoungua, na mara nyingine moshi hutoka kwenye tairi.

Namna ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu huja ghafla. Ndani ya mabomba ya breki kuna mafuta ya breki, na hayo ndiyo yanayopeleka nguvu ya mguu wako hadi kwenye gurudumu. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Yakiwa mapya, aina ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi joto 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Kwenye mteremko mrefu joto la nyuzi 140 kupenya hadi kwenye mafuta si jambo la ajabu hata kidogo. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanika kama hewa ndani ya mpira. Unakanyaga, pedali inazama mpaka chini, na gari linaendelea na safari yake.

Hapa ndipo gari la mtumba lina hatari yake ya pekee. Mafuta ya breki yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Gari limekaa yadi Japani, limevuka bahari, limekaa bandarini, limenunuliwa. Mara ya mwisho mafuta hayo kubadilishwa ni lini? Hakuna ajuaye. Mnunuzi anabadilisha mafuta ya injini siku ya kwanza, anaosha gari, ananunua kapeti mpya, na ile chupa ndogo ya mafuta ya breki haifunguliwi. Ukifungua ukakuta yamekuwa ya kahawia kama chai ya rangi, usishuke nayo bondeni. Na kuongezea mapya juu ya ya zamani haitoshi; fundi ayatoe yote, atoe na hewa. Kazi hiyo ni ya saa moja, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kile kapeti.

Iache injini ilie

Dawa ya mteremko ni gia ndogo. Ukiwa kwenye gia ndogo bila kukanyaga mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini haipendi kuzungushwa. Inakataa, na kule kukataa ndiko kunakolishika gari. Joto linaondoka kupitia injini na rejeta, vitu vilivyotengenezwa kuhimili joto siku nzima.

Madereva wazee wa malori wana kanuni yao: gia ambayo ungepandia mlima ule ndiyo gia ya kushukia. Kwa gari la manyuo hilo linaeleweka, weka namba mbili, na penye ukali zaidi namba moja.

Kwa gari la otomatiki ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wamefundishwa herufi nne tu: P, R, N na D. Angalia vizuri gia yako. Chini ya D kuna 2 na L, au kuna S, au B. Magari mengine yana kitufe kidogo pembeni mwa mpini wa gia kilichoandikwa O/D. Ukikibonyeza taa ya O/D OFF inawaka, maana yake gia ya juu kabisa imefungwa. Hivyo vyote havikuwekwa kama pambo. Kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo kwa breki, kisha shusha kutoka D kwenda 2, na penye kona kali nenda L. Usisubiri ufike katikati, gari limeshakimbia kilomita 60 kwa saa, ndipo uvute L. Unaweza kuumiza gia, na kwenye changarawe matairi yanaweza kuteleza.

Injini italia. Mshale wa mizunguko utapanda hadi 3,000 au 4,000, na abiria watakutazama kama mtu anayeua gari jipya. Iache ilie. Mradi mshale haujaingia kwenye alama nyekundu, haiumii.

Breki unaitumia bado, ila kwa kupumzisha. Gari likianza kuongeza kasi, kanyaga kwa nguvu ya kutosha, mwendo upungue kabisa, kisha achia kabisa. Sekunde zile unazoachia ndizo zinazopoza diski. Kinachoua ni kuegesha mguu juu ya pedali muda wote.

Sasa kuna suala la nyutro, ambalo ninalisikia stendi, vijiweni na hata kutoka kwa watu walioendesha miaka mingi: kwamba ukishuka mlima weka nyutro, utaokoa mafuta. Kwa magari yanayoingia nchini siku hizi si kweli hata kimahesabu. Gari lenye mfumo wa kompyuta, likishuka kwenye gia bila mguu kwenye pedali ya mafuta, hukata mafuta yasiende kwenye injini, kwa sababu magurudumu yanaizungusha bure. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo umetumia mafuta zaidi, na umetupa breki yako kubwa kuliko zote. Wanaozima injini kabisa ndio wamejifunga kamba shingoni: breki zinakuwa ngumu kwa sababu msaada wa injini umeondoka, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga katikati ya kona.

Je, breki zikishindwa kweli? Shusha gia haraka, hatua kwa hatua, mpaka ya chini kabisa. Pampu pedali mara nyingi mfululizo, wakati mwingine inarudisha nguvu kidogo. Vuta handbreki polepole ukiwa umebonyeza kitufe chake, uweze kuachia magurudumu yakianza kuteleza. Piga honi bila kuacha, washa taa. Na kama bado halisimami, liegemeze upande wa mlima, kwenye mtaro au kwenye ukingo wa udongo. Utakwaruza gari, utavunja taa, pengine utapinda bodi. Upande wa pili ni korongo. Watu wengi hukwepa kuliharibu gari jipya hadi sekunde ya mwisho, nalo linaishia kuharibika lote, na waliomo ndani nalo.

Kabla ya kutoka nyumbani

Mbali na mafuta ya breki, mwambie fundi afungue magurudumu aangalie unene wa pedi, na kwa magari mengi madogo aangalie pia breki shuu za nyuma, maana nyuma hakuna diski.

Tazama matairi, na usitazame meno peke yake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Ikiwa ni 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Gari la mtumba huweza kuja na matairi yenye meno mazuri kabisa lakini mpira umeshazeeka na kupasuka vinyufa vidogo. Tairi la namna hiyo linavumilia safari za kwenda sokoni. Kwenye joto la bondeni, gari limejaa, mawe chini, huwezi kulitegemea. Upepo wa matairi ujaze kwa kufuata karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, si kwa kupigapiga na mguu.

Hakikisha tairi la spea lipo. Usicheke. Baadhi ya magari mapya ya Japani hayana spea kabisa. Ukifunua sehemu yake unakuta chupa ya gundi na pampu ndogo. Na mengine yana nati moja kwenye kila gurudumu inayohitaji kichwa chake maalumu kufunguliwa. Kama kichwa hicho kilibaki Japani, ni afadhali ujue ukiwa Sumbawanga kwa fundi kuliko ukiwa katikati ya mteremko jioni. Beba pia kipande cha ubao cha kuwekea jeki, kwa sababu kwenye udongo laini jeki inazama.

Hali ya barabara ya Ntendo hadi Muze hubadilika kwa msimu na kwa matengenezo. Njia nzuri ya kuijua ni kwenda stendi ukawaulize madereva wanaobeba abiria wa bondeni siku hiyohiyo. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inalainisha udongo, na ukungu wa Mbizi unaweza kukufungia macho mchana kweupe. Kiangazi kuna vumbi, na changarawe ndogo zinazoviringika chini ya tairi kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Ukishuka mapema asubuhi unakutana na magari machache. Baadaye malori ya mpunga na mahindi yanapanda, na desturi ya mlimani ni kwamba anayepanda mzigo hupishwa, kwa sababu akisimama, kuondoka tena ni shughuli. Piga honi kabla ya kona usiyoona mbele yake. Ukiona matawi yamelazwa barabarani, jua mbele kuna gari limekwama. Na kama wewe ndiye uliyekwama ukaweka mawe nyuma ya matairi, ukiondoka yaondoe. Jiwe lililoachwa limeshaangusha pikipiki nyingi.

Niseme na jambo moja linalotuhusu sisi watangazaji. Wasikilizaji huuliza kwa nini redio ya gari jipya haitupati, wakati simu ndogo ya kitochi inatupata vizuri. Redio za magari ya Japani zimetengenezwa kwa masafa ya kwao, kuanzia 76 hadi 90, na mapya kidogo hufika 95. Stesheni zilizo juu ya hapo hazishiki. Fundi wa redio anakufungia kifaa kidogo kinachoitwa konvata na mambo yanaisha. Ile sauti ya dada anayezungumza Kijapani kila ukiwasha gari haikutukani wala haisemi gari ni bovu. Mara nyingi anakumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kule kwao.

Upande wa Kalambo

Njia ya Matai hadi Kasanga ina lami, na lami inadanganya kuliko vumbi. Kwenye vumbi mtu anaogopa mwenyewe. Kwenye lami unashuka kuelekea ziwani bila kuhisi mwendo, kona inakuja, na breki zimeshapata moto. Kanuni ni ileile, gia ndogo kabla mteremko haujaanza.

Kwenda kwenye maporomoko unaacha lami na kuelekea kijiji cha Kapozwa. Mto Kalambo, ambao ni mpaka wetu na Zambia, unafika kwenye ukingo na kuanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 220, kisha unaendelea ndani ya korongo jembamba hadi Ziwa Tanganyika. Ni miongoni mwa maporomoko marefu zaidi barani Afrika. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba karibu na hapo, upande wa Zambia, yalipatikana magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale takriban miaka 476,000 iliyopita. Waeleze watoto hilo mkiwa njiani, ila muwashike mikono mkifika, maana ukingo ni ukingo. Na gari liegeshe mbali na mteremko, gia ikiwa kwenye P, handbreki imevutwa, na jiwe chini ya tairi.

Kurudi juu

Mkifika Muze msikimbilie kumwagia magurudumu maji ya baridi. Diski ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupasuka. Acha gari lipoe lenyewe wakati mnakunywa uji.

Kupanda kuna adui mwingine, nalo ni joto la injini. Hewa ya Ufipa ni nyepesi, karibu sehemu moja kwa tano pungufu kuliko ya pwani, kwa hiyo injini isiyo na tabo ina nguvu pungufu kuliko ilivyokuwa Dar es Salaam. Usishangae gari likipanda kwa kusuasua. Maji nayo huku juu huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ndiyo kinga, kwa kuwa unabana mgandamizo ndani ili maji yasichemke mapema. Mfuniko uliochoka unaonekana mzima kwa macho, lakini mlimani unakuumbua. Ununue mpya, na ujaze kulanti badala ya maji ya bomba.

Zima kiyoyozi, panda kwa gia ndogo, fuatilia mshale wa joto. Magari mengi mapya madogo hayana mshale. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikichemka. Taa nyekundu ikiwaka, simama mahali pa wazi penye nafasi, zima injini, teremsha abiria upande wa mlima. Usifungue rejeta. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuugusa mfuniko kwa mkono bila kuuondoa haraka, kisha uufungue ukiwa umeufunika kwa kitambaa. Kama kuna mtu ameumia au gari limeziba njia, namba ya dharura ni 112, haina malipo.

Na ule mchele wa kurudi nao, gunia liweke chini ndani ya gari, si juu ya paa.